Je, Wajua? Mdudu Huyu Ni Nani, na Aulizwe Nani?

Je, wajua kwamba mwaka 1903 Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, aliwaagiza machifu wake wakusanye inzi? Haukuwa mzaha. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria watu walikuwa wakifa kwa malale, ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota, na Kanali David Bruce alikuwa ameletwa Entebbe na Jumuiya ya Kifalme ya London kuutafutia chanzo. Bruce alishachunguza mbung'o na nagana ya ng'ombe kule Zululand, kwa hiyo dhana alikuwa nayo. Alichokosa ni inzi kutoka kila pembe ya nchi. Angezunguka mwenyewe na wavu, miaka ingekatika. Kagwa, akiwa Mengo, alikuwa na safu ya machifu iliyofika hadi kijiji cha mwisho. Agizo likashuka kwa safu hiyo, na inzi wakapanda kwa safu hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mdudu peke yake asingetosha? Ilibidi ijulikane inzi wametoka wapi, na kama mahali hapo pana wagonjwa wa mongota au hapana. Wakusanyaji walileta kila aina ya inzi wanaouma, na kazi ya kuwatenga mbung'o na wengineo wakaachiwa wataalamu. Wamisionari nao walichangia wao. Ikachorwa ramani ya mbung'o, ikachorwa na ya ugonjwa, na zilipowekwa pamoja zikakaribia kuwa ramani moja: ufuko wa ziwa, visiwa, kingo za maji zenye miti. Vitabu vingi humpa Bruce sifa zote. Mimi nadhani nusu yake ni ya wale waliokimbizana na inzi vichakani halafu wakakumbuka kusema wamewashika wapi.

Je, wajua kwamba Waganda walimjua mbung'o kabla ya Bruce kufika? Walimwita kivu, kama wanavyomwita hadi leo.

Je, wajua kwamba jibu la wataalamu wenyewe lilikuja kurekebishwa? Bruce na wenzake walimwandika inzi wa ziwa kwa jina la Glossina palpalis. Miaka michache baadaye Robert Newstead wa Liverpool, aliyekuwa akichunguza viungo vya uzazi vya madume chini ya hadubini, alimtenga mbung'o mwingine anayefanana naye na kumwita Glossina fuscipes. Huyo ndiye wa Viktoria. Palpalis tunamwachia Afrika Magharibi. Kwa macho ya kawaida usingewatofautisha hata ukipewa siku nzima.

Je, wajua namna ya kumtambua mbung'o bila hadubini? Mtazame akiwa ametua. Mabawa yake hulala moja juu ya jingine mgongoni, yakafunika tumbo lote na kupita kidogo, ilhali inzi wa nyumbani huyaacha yakiwa yametanuka pembeni. Mdomo wa kunyonyea huchomoza mbele ya kichwa moja kwa moja. Ukiwa na kioo cha kukuzia, tafuta katikati ya bawa kijichumba kilichozungukwa na mishipa, chenye umbo la shoka. Ukikiona hicho, ubishi umekwisha: hakuna inzi mwingine mwenye nacho.

Je, wajua kwamba mbung'o hatagi mayai? Jike hulea funza mmoja tumboni, humlisha humo kwa maziwa ya tezi zake, kisha humzaa akiwa tayari kujizika udongoni. Mmoja baada ya mwingine, maisha yake yote. Inzi anayezaa polepole hivyo anaweza kumalizwa, na Unguja walithibitisha: madume yaliyohasiwa kwa mionzi yaliachiwa kutoka angani kwa maelfu, majike wakapandana nao bila kuzaa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o.

Je, wajua kwamba Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, ya gambiense upande wa kaskazini-magharibi na ya rhodesiense upande wa mashariki? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa ile ya gambiense si tatizo tena la afya ya jamii nchini. Silaha mojawapo ilikuwa vipande vidogo vya kitambaa cha buluu vyenye dawa, vilivyosimikwa kando ya mito. Mbung'o huvutiwa mno na rangi ya buluu. Ukienda porini, shati la buluu liache nyumbani.

Je, wajua kwamba Hospitali ya Mengo ina umri sawa na elimu ya mbu na malaria? Albert Cook aliianzisha mwaka 1897. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, huko Secunderabad, India, Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu. Na ni Mengo, mwaka 1901, ambako Albert Cook na ndugu yake Jack waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Cook alikuwa mwandishi wa kumbukumbu asiyechoka. Majalada ya wagonjwa wake tangu 1897 yamehifadhiwa Makerere, na madaktari wa vizazi vilivyofuata wameyachimba kutafuta magonjwa ambayo yeye mwenyewe hakuwa na majina yake.

Je, wajua kwamba kuna virusi vinavyoitwa Mengo? Vilielezwa mwaka 1948 na watafiti wa Entebbe, baada ya kima wa maabara kupooza. Mlima Mengo wenyewe hauhusiki. Enzi hizo Mengo lilikuwa jina la wilaya, na Entebbe ilikuwa ndani yake. Msomaji wa leo akilikuta jina hilo kwenye kitabu bila kujua mipaka ya zamani, atatafuta ugonjwa kwenye kilima kisichohusika.

Je, wajua kwamba taasisi ya watafiti hao wa Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano? Leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa kizimbani msituni Zika, kando ya barabara ya Entebbe, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo. Msituni humo pana mnara wa chuma wenye urefu wa mita 36 hivi. Wataalamu waliupanda usiku na mchana kunasa mbu kwa kila kimo, kwa sababu mbu wa juu ya miti si yule wa chini, na wala hawaumi saa moja.

Je, wajua kwamba papasi si mdudu? Ana miguu minane. Yeye, kupe, utitiri na nge wako ukoo mmoja na buibui. Mdudu halisi ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, na mara nyingi mabawa. Hesabu miguu kwanza kabla hujampigia mtu simu. Utakuwa umeokoa nusu ya mazungumzo.

Je, wajua kwamba papasi alimuua mtaalamu wake? Joseph Dutton, daktari kijana wa Liverpool, alikuwa akichunguza homa ya papasi mashariki mwa Kongo. Aliugua homa hiyohiyo akafa Februari 1905 huko Kasongo, mji ambao wasomaji wa historia ya Waswahili wanaujua kwa habari za Tippu Tip. Mwaka uliotangulia, hapa Uganda, madaktari Ross na Milne walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba homa hiyo huletwa na papasi. Ross huyu ni mwingine, si yule wa mbu. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya, hurudi. Asubuhi unabaki na alama tu, na shutuma zote anatupiwa kunguni.

Je, wajua ni swali gani linalomchosha mtaalamu kuliko yote? "Huyu ni nini?" pamoja na picha moja yenye ukungu iliyopigwa usiku chini ya taa ya jikoni. Hakuna mahali, hakuna tarehe, hakuna kipimo. Mtu wa makumbusho atakwambia wazi kwamba kielelezo kisicho na lebo ni takataka, hata kiwe kizuri namna gani. Lebo ya kawaida ina mambo manne: mahali, tarehe, aliyekusanya, na alikutwa wapi hasa, iwe juu ya jani la mhogo, ndani ya gunia la maharage, au ukutani karibu na taa. Hilo la nne ndilo watu huliacha, na mara nyingi ndilo linalotoa jibu.

Je, wajua kwamba picha tatu za simu zinaweza kufanya kazi ya kielelezo? Moja kutoka juu, moja kutoka ubavuni, moja ya uso. Piga mchana, kivulini. Weka sarafu ya shilingi 500 pembeni ili ukubwa uonekane. Kwa buibui, picha ya uso ina thamani ya pekee, maana mpangilio wa macho yake, ambayo kwa kawaida ni manane, hutaja familia kabla ya kitu kingine chochote.

Je, wajua kwamba waragi haimfai buibui? Buibui aliyekauka hunyauka akawa hatambuliki, kwa hiyo huhifadhiwa kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Waragi ya dukani ina asilimia 40 hivi. Kielelezo kitalegea na kuoza taratibu. Spiriti ya duka la dawa inafaa. Vipepeo kinyume chake: usiwalowanishe kabisa, wakunje ndani ya karatasi ya pembetatu, na andika lebo juu ya karatasi kabla ya kumweka kipepeo, kwa sababu ukiandika baadaye kalamu itamponda. Lebo inayoingia ndani ya spiriti iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka.

Je, wajua kwamba buibui mchanga mara nyingi hana jina? Spishi nyingi hutambulika kwa viungo vya uzazi tu: kwa dume, vile vishikio viwili vilivyovimba nchani mbele ya uso, kwa jike, kibamba kidogo chini ya tumbo. Kabla hajapevuka, viungo hivyo havijakamilika. Mtaalamu akikujibu "ni wa familia fulani, zaidi ya hapo siwezi", usidhani anakukwepa. Huyo ndiye wa kuaminiwa. Anayekutajia spishi ndani ya sekunde tano kutoka kwenye picha ya WhatsApp, huyo mwogope.

Je, wajua kwamba spishi za buibui zilizokwisha kupewa majina zilivuka 50,000 mwaka 2022? Daftari lao la dunia hutunzwa kwenye makumbusho ya Bern, Uswisi. Mkusanyiko mkubwa wa buibui wa Afrika uko Tervuren, Ubelgiji, na huko ndiko ulikochapishwa mwaka 2006 ufunguo wa familia za buibui za dunia wa Rudy Jocqué na Ansie Dippenaar-Schoeman. Ufunguo wa aina hiyo hausomwi kama kitabu. Unaulizwa swali lenye majibu mawili: kucha za mguuni ni mbili au tatu? Ukijibu, unapelekwa kwenye swali jingine, na jingine, hadi mlango mmoja tu ubaki. Ukikosea swali la tatu, utafika salama kabisa mahali pasipo pake.

Je, wajua kwamba jina lisilo sahihi liliwahi kuchelewesha chakula cha bara zima? Kisa hiki nakipenda, nacho hakitajwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vidung'ata, wadudu wadogo wenye unga mweupe mgongoni, walizuka kwenye mihogo ya Kongo na kusambaa. Mhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo wataalamu wakaenda huko kumtafuta adui wa asili wa kidung'ata. Wakampata kidung'ata kaskazini mwa bara hilo, wakawachukua nyigu wanaomshambulia, wakawajaribu kwa kidung'ata wa Afrika. Nyigu wakakataa. Ikaja kugundulika kwamba kidung'ata wa kaskazini ni spishi nyingine kabisa, yenye kufanana tu. Yule halisi alionekana Paraguay mwaka 1981. Nyigu wake, mdogo kuliko punje ya mchele, aliletwa na kuachiwa nchi baada ya nchi, na vidung'ata wakapungua bila dawa. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Je, wajua kwamba utitiri wa kijani wa mhogo, balaa jingine lililotoka Amerika ya Kusini, ulionekana Afrika kwa mara ya kwanza hapahapa Uganda, mwaka 1971? Utitiri, kumbuka, ni wa miguu minane. Hauonekani vizuri kwa macho. Kinachoonekana ni majani ya juu yaliyojaa vidoa vya manjano, yakadumaa na kukunjamana. Mkulima anadhani ni ukame. Kwa kuwa hujitokeza kwa wingi kiangazi, kosa hilo linaeleweka.

Je, wajua kwamba viwavijeshi vamizi vya mahindi vilithibitishwa Uganda mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya kutangazwa Afrika Magharibi? Mtazame kiwavi kwenye paji la uso: ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Ukimpata mwenye alama hizo zote mbili, huhitaji kumsumbua mtu.

Je, wajua kwamba wenyeji wa Mengo hawako mbali na jibu? Chuo Kikuu cha Makerere, safari fupi ya bodaboda, kina idara ya zuolojia inayofundisha na kutunza vielelezo. Kawanda, kilomita kama 13 kutoka mjini kwenye barabara ya Bombo, ndipo penye maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kituo hicho kilianza mwaka 1937 na wadudu wa mazao ndio mkate wake wa kila siku. Mbu na virusi, Entebbe. Wakulima wana njia fupi zaidi: kliniki za mimea, ambapo unaleta tawi lenye ugonjwa sokoni na kukaa kwenye foleni kwa mganga wa mimea. Lete tawi zima, ssebo. Jani moja lililosagika mfukoni halimwambii mtu kitu.

Je, wajua kwamba Nairobi kuna mtaa wa wadudu? Makao makuu ya icipe, kituo cha kimataifa cha sayansi ya wadudu, yako Kasarani na yanaitwa Duduville. Kilianzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mombasa aliyesomea Makerere kabla ya Cambridge. Alikataa wazo kwamba Mwafrika akimwokota mdudu lazima ampeleke Ulaya kumuulizia jina.

Je, wajua kwamba kabla ya hapo ndivyo ilivyokuwa? Mwaka 1909 iliundwa London kamati ya utafiti wa wadudu wa Afrika ya kitropiki, ikaja kuwa ofisi kamili mwaka 1913. Ofisa wa kilimo wa Uganda alifungasha wadudu wake kwenye sanduku, wakashuka kwa reli hadi Mombasa, wakapanda meli, na jina likarudi kwa njia ileile baada ya miezi. Mara nyingi kielelezo hakikurudi. Ndiyo maana wadudu wengi waliopewa majina kutokana na vielelezo vya Uganda, vile vielelezo vya kwanza ambavyo jina limefungwa kwavyo, wamechomekwa pini kwenye droo za London. Mwanafunzi wa Kampala anayetaka kumlinganisha mdudu wa bustani yake na wa asili huomba picha, au huomba viza.

Je, wajua kwamba siku hizi kumvusha mdudu mpakani kunahitaji kibali, akiwa hai au mfu? Usimtumie rafiki wa Uingereza mende kwenye bahasha kwa nia njema.

Je, wajua kwamba senene si nzige? Wote hurukaruka, na huko ndiko kufanana kunakoishia. Senene ana papasio ndefu nyembamba zinazozidi urefu wa mwili wake. Za nzige ni fupi na nene. Senene husikia kwa miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, ambapo ukitazama kwa makini utaona mwanya mwembamba. Nzige husikia kwa ubavu wa tumbo. Senene jike ana upanga mkiani wa kutagia mayai. Dume huimba kwa kusugua bawa na bawa. Ukimshika mmoja mwezi wa Novemba, kwenye taa za Katwe au Kisenyi, jaribu kumkagua kabla hajafika kikaangoni: kuna wa kijani, wa hudhurungi, na wachache wenye mistari ya zambarau, na wote ni spishi moja.

Je, wajua kwamba jina la kisayansi la senene limehama mara kadhaa? Vitabu vya zamani vinamwita Homorocoryphus nitidulus, vingine Ruspolia nitidula, na leo anajulikana Ruspolia differens. Mtafiti anayetafuta kwa jina moja atakosa nusu ya yaliyoandikwa. Mnunuzi wa soko la Owino halimgusi hilo. Yeye anauliza kama wameshanyofolewa mabawa na miguu, na bei inapanda kwa jibu hilo.

Je, wajua kwamba kuna Waganda ambao hawamli senene hata wakiwa na njaa? Ni watu wa ukoo wa Ensenene. Senene ni mwiko wao, yaani muziro, na wengine wote wanajua kwamba ukialikwa kwao Novemba usibebe sahani hiyo.

Je, wajua kwamba kumbikumbi na mchwa si jamaa wa siafu? Ni jamaa wa mende. Wapenzi wa kumbikumbi wa kukaanga wasamehe.

Je, wajua kwamba yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa inzi wa Nairobi si inzi, hana asili ya Nairobi peke yake, na haumi? Ni mbawakavu. Madhara hutokea ukimponda juu ya ngozi: maji yake yana sumu iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Kesho yake unaamka na mstari wa malengelenge shingoni, na familia nzima inaapa kuwa ni buibui. Akikutua, mpulize. Ukishamponda, osha kwa maji na sabuni haraka, na usiguse macho.

Je, wajua kwamba madonda mengi yanayopelekwa hospitalini kwa jina la "kuumwa na buibui" hayana buibui aliyeonekana na mtu yeyote? Mengi ni majipu ya bakteria. Daktari makini ana swali moja tu: umemwona? Kama umemwona, na umemponda, mlete hata vipande vyake ndani ya kikopo.

Je, wajua kwa nini Kampala watu hupiga pasi hadi soksi na nepi? Kuna inzi anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini. Mayai yakianguliwa, funza huingia kwenye ngozi na kukua humo kwa siku kama kumi, akiacha tundu dogo la kupumulia juu ya uvimbe. Joto la pasi humaliza mayai. Aliyekwisha kupata uvimbe hupaka mafuta mazito juu ya tundu. Funza akikosa hewa husogea juu na kutolewa. Funza huyu asichanganywe na yule wa miguuni, tekenya, ambaye ni kiroboto aliyevuka bahari kutoka Brazili hadi Angola mwaka 1872 na kulipita bara lote hadi pwani ya mashariki kabla karne haijaisha.

Je, wajua kwamba kipepeo mmoja aliwahi kuhesabiwa kuwa wengi? Dume la Papilio dardanus ni la manjano lenye mikia. Majike wengi, tena wa sura tofautitofauti, hawana mikia na kila mmoja huiga kipepeo mwingine mwenye sumu. Roland Trimen, katika miaka ya 1860, ndiye aliyesema kuwa hao wote ni mke na mume, na wenzake hawakumsikiliza kirahisi. Uganda ina spishi zaidi ya 1,200 za vipepeo, kwa hiyo nafasi za kudanganyika ziko tele. Daktari Hale Carpenter, aliyetumwa visiwani Viktoria kuchunguza mbung'o, alitumia muda wake wa ziada kukusanya vipepeo waigaji. Aliona kwamba kwenye visiwa ambavyo waigwao ni wachache, waigaji nao huiga ovyo ovyo. Baadaye akawa profesa Oxford, na inawezekana mbung'o walimchosha.

Je, wajua kwamba mbu wa malaria anayeitwa Anopheles gambiae ni kundi la spishi pacha? Kwa macho, hata ya mtaalamu, hawatofautiani vya kutosha. Wengine hupenda damu ya mtu, wengine ya ng'ombe. Siku hizi hutenganishwa kwa vinasaba. Kwa wanaotofautika, ufunguo uliotumika zaidi Afrika kwa miaka mingi uliandikwa na Mick Gillies, aliyefanya kazi miaka mingi Amani, kwenye milima ya Usambara, pamoja na Maureen Coetzee, ukachapishwa mwaka 1987.

Je, wajua kwamba ufunguo huo wa zamani haukuwa na nafasi ya mgeni wa sasa? Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa miji ya Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, akaingia Ethiopia, na Kenya ikatangaza kumpata mwaka 2023. Hupenda matangi ya maji na mapipa ya ujenzi katikati ya mji. Anopheles hutua akiwa ameinua mkia, na viluwiluwi wake hulala sambamba chini tu ya uso wa maji, tofauti na wale wa mbu wa mitaroni wanaoning'inia kichwa chini. Viluwiluwi waliolala hivyo ndani ya tangi safi juu ya paa la ghorofa ni wa kuchotwa na kupelekwa kwa watu wa mbu, na kibandiko kiseme ni tangi gani, mtaa gani, tarehe gani.

Je, wajua kwamba kuna buibui anayemtafuta mbu aliyeshiba damu yako? Evarcha culicivora, buibui mrukaji anayeishi kandokando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, alipewa jina mwaka 2003. Hatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa macho, mara nyingi kwenye kuta za nyumba. Akipewa chaguo kati ya mbu wengi, humrukia Anopheles jike mwenye tumbo jekundu. Watafiti wa Mbita, upande wa Kenya, walimjaribu pia kwa harufu, wakimpulizia hewa iliyopita kwenye soksi safi na iliyopita kwenye soksi zilizovaliwa. Alikaa zaidi upande wa soksi chafu.